Tiketi za Mlango wa Wanawake

Nasra, binti wa mwanangu,

Ukifungua karatasi hii ukitafuta habari za sweta na namna ya kukausha nguo kwenye baridi, irudishe ulipoitoa. Mama yako amekuambia hayo tangu juzi mpaka mbuzi wenyewe wanayajua. Mimi nimekaa hapa kivulini nyuma ya jiko, baada ya swala ya alasiri, na daftari lako la hesabu ulilolitupa likiwa bado na kurasa tupu. Msichana anakwenda chuo, anatupa karatasi safi! Haya. Hilo nimelisema, limekwisha.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Kisomali nakisema, nakigombania, nakiombea dua, lakini mkono wangu haukijui. Lile darasa la ngumbaru tulilianza wanawake chumba kizima, tukalimaliza watano, na wa kwanza kusoma ubaoni bila mwalimu kumsaidia nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikikosea usicheke. Cheka kwingine, sababu utazipata nyingi.

Barua yako ya kazi ilipokuja, ulizunguka ua huu ukiruka kama ndama. "Ayeyo, bibi yangu, nimepata nafasi ofisi ya michezo! Nitauza tiketi Jumamosi timu zikicheza, nao watanipunguzia karo!" Kisha ukakaa karibu yangu ukasema, "Si wewe uliuza tiketi pale chuoni Garissa miaka mitatu? Nifundishe kazi." Nikakuambia mbuzi hawajanywa maji. Ukasema wamekunywa. Nikakuambia wanyweshe tena. Ukaondoka ukinung'unika kwamba uzee umenipanda kichwani.

Uzee haujanipanda popote. Niliogopa. Leo nakufundisha kazi, na ukimaliza kusoma utaniona mtu mwingine. Sitakuzuia.

Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia sokoni, hilo unalijua. Chuo kilipoanza kutoza kiingilio kwenye mashindano yake, walikuwa na mlango mmoja, na vijana wawili wa kuwapekua watu wanaoingia. Siku ya kwanza kijana mmoja akanyoosha mkono kwenye mfuko wa mke wa mtu. Wallahi nusura uwanja uuzwe pamoja na kijana mwenyewe kulipia fidia ya aibu ile. Wanaume walitaka kumpiga, mashindano yakaahirishwa, na wazee wakasema wake zao na binti zao hawatakanyaga pale tena. Chuo kikakata ua upande wa pili, kikafanya mlango wa wanawake, na kikatafuta wanawake wa kuusimamia.

Mwalimu wa michezo ndiye aliyenifuata sokoni. Watu walimwita Dheere kwa urefu wake, nami nitamwita hivyo hivyo. Akainama juu ya mitungi yangu, akasema, "Mama Habiba, nimesikia mdomo wako kutoka upande wa pili wa barabara. Natafuta mtu wa mlango."

"Mlango una mshahara?"

"Una mshahara, una kiti, una kivuli."

"Anza na kiti," nikamwambia.

Hapo ndipo nilipokuwa mtu mkubwa, Nasra. Usidhani nilikuwa mnyenyekevu. Wanawake waliokuwa wakinibishia bei ya maziwa sasa walisimama kwenye foleni yangu. Mke wa chifu alisimama kwenye foleni yangu! Nilimwambia, "Abaayo, dada yangu, rudi nyuma, huyu amekutangulia," naye akarudi. Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea katikati ya njia.

Mwenzangu mlangoni alikuwa Mumina. Mjane, mtu wa Waorma, mkimya, mwembamba, mwenye sauti ambayo ungelazimika kuiinamia uisikie. Mimi niliuza tiketi, yeye alisimama hatua tatu ndani na debe mikononi. Upande wa wanaume tiketi zilichanwa: nusu kwa mwenyewe, nusu mlangoni. Upande wetu Dheere alisema zisichanwe. "Wanawake wasicheleweshwe mlangoni wakitazamwa na wanaume. Wadondoshe tiketi ndani ya debe wapite. Ni heshima." Na sote tukaona ni heshima kweli. Wazee walimsifu kwa jambo hilo. Hata mimi nilimsifu.

Mapumziko yalipofika, Dheere alikuja nyuma ya ua, akabisha kwa adabu, akachukua debe "kulihifadhi." Kisha akaniletea kitita kingine cha tiketi, kwa maana wanawake wengi walikuja jioni jua likipoa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Sikuuliza kitu, na sikuwa na cha kuuliza.

Mwaka wa pili kulikuwa na arusi mtaa wa pili, na bibi arusi alikuja uwanjani na wenzake kumtazama dada yake akikimbia. Hina ilikuwa bado mbichi kidoleni. Nikampa tiketi, akaiacha na alama ya kidole, ya rangi ya machungwa, kubwa, nzuri. Tukamcheka. Baada ya mapumziko nilifungua kitita kipya alicholeta Dheere, na tiketi ya nne ikatoka na kidole cha bibi arusi.

Niliishika, Nasra. Nilikuwa na wakati wa kutosha. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ameshanyoosha hela. Nikafahamu yote mara moja: hizi zimeshauzwa, nami naziuza mara ya pili, na hela za mara ya pili hazina njia ya kwenda ofisini. Nikafahamu pia kwa nini ni mlango wetu. Hakuna mkaguzi mwanaume angethubutu kusimama pale. Haya ya wanawake wetu ndiyo iliyokuwa ukuta wake, na mimi ndiye niliyewekwa kiti mbele ya ukuta huo.

Nikampa yule mama tiketi yenye hina.

Jioni Dheere akaleta sukari na majani ya chai, na kitambaa cha gauni. Akasema, "Jasho lako, Mama Habiba." Gauni lile la bluu ulilolipenda, ulilokuwa ukilalia ukiwa mdogo, ndilo hilo. Nikajiambia ni zawadi. Nikajiambia chuo ni cha serikali na serikali haijawahi kuninunulia hata kiberiti. Nikajiambia mengi. Mtu mwenye mdomo kama wangu hakosi la kujiambia.

Hela za mlango zilikuwa za timu. Za viatu, za mipira, za kukodi lori la kuwapeleka vijana kucheza miji mingine. Asubuhi moja napita na mitungi yangu, nikawakuta wasichana wa voliboli wamekaa juu ya mifuko yao langoni. Walikuwa wameoga, wamejipaka mafuta, wamevaa sare moja. Mmoja akaniita, "Mama Habiba, hukuona lori huko njiani?" Nikamjibu, "Litakuja, litakuja." Adhuhuri nilipita tena, walikuwa bado pale, sare zimejaa vumbi. Nikapita nyuma ya msikiti ili wasinione.

Lori halikukodiwa. Hapo mkuu wa chuo akaanza kuuliza: uwanja unajaa, mbona ofisi ya michezo haina kitu? Dheere hakutafuta mbali. Akasema wanawake wanapitishwa bure mlangoni, na anayewapitisha ni Mumina, anawapitisha watu wake wa Waorma.

Tukaitwa ofisini. Mumina alisimama karibu na kabati, mikono imekosa debe la kushika. Mkuu akanigeukia mimi kwa heshima kabisa. "Mama, wewe ulikuwa pale. Umewahi kumwona Mumina akipitisha watu bila tiketi?"

Sikusema ndiyo. Ningesema ndiyo, labda ningejichukia haraka zaidi. Nilisema, "Mimi natazama hela. Sitazami mlango."

Maneno matano tu, na ya kweli kila moja. Mumina alinitazama mara moja, akatazama chini. Akafukuzwa siku ile ile, akaandikiwa barua, na sokoni wakaanza kumwita "mwenye mlango wa bure." Hakuna aliyempa kazi ya kufua wala ya kuchota maji. Akaenda Masalani kwa kaka yake, kulima kando ya mto.

Mimi nikasema magoti yananiuma, siwezi tena kukaa mlangoni. Na wewe, mtoto mwema, ulinipaka mafuta ya simsim kila jioni, miezi mitatu, ukinisugua na kunisomea dua. Magoti yangu ni mazima, Nasra. Yalikuwa mazima wakati wote. Nilikuacha usugue kwa sababu mikono yako ilikuwa kitu pekee kilichonifanya nilale.

Sasa fahamu kazi yako ilitoka wapi. Nafasi ya kusoma ni yako, umeipata kwa mtihani wako, hakuna aliyekupa. Lakini ile ya ofisi ya michezo aliiandikia barua Dheere. Yule wa ofisi ya huko ni rafiki yake. Siku aliyokuja hapa kutuletea habari, wewe ulikwenda kuchemsha chai, na yeye akajinyoosha kwenye mkeka wangu akasema, "Mama Habiba, mimi na wewe tunajuana. Rafiki yangu anataka mtu wa mlangoni asiye na maneno mengi. Nikamwambia wasichana wa nyumba hii wanajua kufunga mdomo."

Nyumba hii! Mimi, Habiba, ambaye mume wangu, Mungu amrehemu, aliomba ruhusa ya kulala nje uani ili apumzishe masikio! Nyumba yangu imepata sifa ya kufunga mdomo.

Ukaingia na chai, ukampa kikombe kwa mikono miwili, ukamwita adeer, kama ndugu wa baba yako, ukamshukuru. Nikaona kiti changu, na wewe umekikalia.

Wiki ile niliyowaambia nakwenda kumwona mgonjwa huko Bura, sikwenda Bura. Nilipanda lori la magunia hadi Masalani. Kizuizini askari akachukua kipande changu, kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma kama gazeti. "Mama, unakwenda wapi?" Masalani. "Kufanya nini?" Nikamwambia, "Kuaibika." Akacheka, akanirudishia, akasema hiyo siyo biashara ya magendo, nipite.

Nilimkuta Mumina kwenye migomba, na jembe. Alizeeka, lakini alikuwa amenawiri; mto umemfaa. Hakuweka jembe chini.

"Karibu, mama wa kutazama hela. Leo umetazama njia?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Garissa, marefu, yenye aya za Kurani. Yote yalinikimbia. "Mumina," nikasema, "niliuza tiketi mara mbili. Nilijua. Nikanyamaza, wewe ukafukuzwa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mimi ndiye niliyeshika debe, Habiba. Nilijua zinazoingia ndani yake na nilimwona anayelichukua."

"Basi kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo alipoweka jembe. "Nimwambie nani? Wewe ulikuwa na mdomo. Mimi nilikuwa na debe."

Nimesikia matusi mengi maishani, mengine nimeyatunga mwenyewe. Hakuna lililonikaa kama hilo.

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza. "Usiniombe hapa, ni ndizi tu zinazosikia. Niombe pale niliposimamishwa, mbele ya yule aliyenisimamisha." Kisha akanipikia. Akaniletea samaki, Nasra. Samaki mzima, na kichwa, na macho. Mimi mtu wa ngamia, mimi niliyekuwa nikiwatania Waorma sokoni kwamba wanakula nyoka wa majini. Akakaa mbele yangu akatazama. Nikala. Nikala mpaka mfupa wa mgongo. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na mimi nikacheka na mwiba kooni. Huo haukuwa msamaha, usije ukadhani. Kilikuwa chakula.

Yule mgeni aliyefika jana kwa lori, niliyekwambia ni rafiki wa zamani, na ukamtandikia mkeka wako mwenyewe, ndiye Mumina. Leo asubuhi, ulipokwenda kuwaaga wenzako, sisi tulikwenda chuoni.

Mkuu sasa ni mwingine, mtu wa makamo, mwenye kusikiliza akiwa amefunga macho. Dheere aliitwa akaja. Nikasema yote, nimesimama, bila kukaa hata waliponipa kiti. Nikasema hina, nikasema sukari, nikasema gauni la bluu, kisha nikamwomba Mumina msamaha mbele yao. Dheere akatabasamu. "Mama amezeeka, bwana mkuu. Anachanganya miaka."

Nikamwambia, "Nimezeeka, na bado nakumbuka rangi ya shati ulilovaa siku uliyoniletea kitita chenye kidole cha bibi arusi. Nimwite bibi arusi? Ana watoto watatu sasa, anakaa mtaa wa pili, na mumewe atakuja naye."

Akasogea karibu, akashusha sauti, kwa Kisomali, "Mama, mfikirie mjukuu wako."

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni, ili mkuu asikie: "Ndiye ninayemfikiria!"

Mkuu akafungua macho. Akauliza wengine, akamwita karani wa zamani, wakafungua makabati. Ilichukua muda mrefu kuliko swala mbili. Mwishowe Dheere akaambiwa aache funguo za ofisi ya michezo mezani mpaka kamati ikae. Litakaloamuliwa huko silijui, na mimi pia naweza kuitwa. Nikiitwa nitakwenda, nitajibu. Na Mumina akaandikiwa barua nyingine, yenye muhuri, kwamba ile ya kwanza imefutwa na kwamba hakupitisha mtu bure. Mkuu akampa kazi yake tena. Akakataa. "Nina migomba," akasema.

Tulipotoka nje akanipa ile barua. Yeye hakusoma ngumbaru. "Nisomee." Nikamsomea pale kwenye ngazi, kidole kwenye mstari, polepole, na wanafunzi wakipita. Nilipomaliza akasema, "Tena. Kwa sauti." Nikasoma tena kwa sauti. Wengine walisimama wakasikiliza. Nasra, nimejisifu kusoma kwangu miaka yote hii, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kumefaa kitu.

Kuhusu wewe. Mkuu alipiga simu kwenye chuo chako mbele yangu, akaongea na mkubwa wao, siyo yule rafiki. Barua ya Dheere haihesabiwi tena. Kazi ile ya tiketi huna. Wakasema ikiwa unaitaka, ukifika uende kwa mkubwa mwenyewe ukaiombe kwa jina lako, naye atakutazama kama anavyotazama wengine. Labda atakupa. Labda atasema nyumba ile ina mambo. Karo ya muhula wa kwanza ipo, mama yako na mimi tumeshughulikia, usiniulize ngamia gani. Muhula wa pili hatujui bado. Nimekuondolea kitu ulichokifurahia mbele yangu, na sikukuuliza kwanza. Kama ungelisema hapana, ningekwenda vilevile, ndiyo sababu sikukuuliza. Hilo nalo ni kosa, nimelifanya nikiwa na macho wazi, na una haki ya kulikasirikia.

Sikutaka usome haya ndani ya basi, ukiwa umeshavuka daraja na mimi siko mbele yako. Nitakuwekea barua kwenye mkeka wako kabla ya magharibi, na nitakaa jikoni. Njoo unifokee. Sauti unayo, umerithi kwangu, nimekusikia ukigombana na wauza miraa kwenye kona na wakasogea. Mtu mwenye sauti kama hiyo akikaa mlangoni, hata wa uwanja, hata wa ofisi yoyote atakayoipata baadaye, nina matumaini naye kuliko niliyokuwa nayo kwangu mwenyewe. Mimi nilijua kusema na kila mtu isipokuwa yule aliyeniletea sukari. Wewe ukiletewa sukari, sema kwanza, kunywa chai baadaye.

Ukifika kwa yule mkubwa akauliza kwenu ni nani, mwambie. Mwambie bibi yako alifanya nini na alikwenda kusema lini. Usinipunguzie wala usiniongezee.

Na kesho alfajiri kwenye steji ya basi, Mumina ameomba aje kukuaga pamoja nasi. Tutasimama mstari, mimi mbele nikiwa mkubwa wa nyumba, kama desturi. Wewe nipite. Mshike mkono yeye kwanza, umwite kwa jina lake, umsikilize atakalokuambia hata kama itabidi uiname. Mimi nitangoja zamu yangu.

Ayeyo wako,
Habiba